Tope la Shituru na mlima mweusi wa Lubumbashi: namna takataka za Katanga zilivyogeuka mali

Mtu anayetoka Lubumbashi kwa barabara ya taifa namba 1, akisha kusafiri kilomita karibu 120, huona mabomba ya moshi ya Shituru kabla hajaona vizuri nyumba za Likasi. Watoto wa mji wanayajua tangu wakiwa bado mgongoni mwa mama zao. Kisichotazamwa sana ni kile kilicho chini ya mabomba hayo: matope yaliyotoka kiwandani kwa karibu miaka 100, mengine yamekauka na kuwa vumbi, mengine yamechukuliwa na mto Panda kuelekea Lufira. Mzee aliyefanya kazi Gécamines atakuambia kwamba zamani hakuna aliyeinama kuyaokota. Leo watu wanayachota kwa makarai, na mahali pengine Katanga kampuni zimekwenda hadi mahakamani kwa ajili yake.

Kubadilika huko hakukuanza jana. Katika Katanga, kinachoitwa takataka mara nyingi ni madini ambayo mwenye kiwanda wa wakati huo hakuwa na njia ya kuyatoa, au hakuona bei ya kutosha kumfanya ahangaike. Ndiyo maana historia ya takataka hizi ni historia ya kuuliza kila mara: nani anajua kilichomo ndani, na nani ana ruhusa ya kukirudia?

Kabla ya wazungu, wafua shaba wa Katanga waliyeyusha jiwe la kijani, malakiti, kwa makaa ya miti katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakamimina shaba katika umbo la msalaba. Kambove, jirani wa Likasi, ilikuwa na machimbo yao ya zamani. Walichagua jiwe zuri peke yake. Lililobaki walilitupa, kwa kuwa makaa yalikuwa na gharama yake na jiwe zuri lilikuwa bado lipo.

Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa tarehe 28 Oktoba 1906, ilifanya vivyo hivyo kwa ukubwa mwingine. Tanuru la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Jiwe lilipoyeyushwa, shaba ilishuka chini na uchafu ukaelea juu. Uchafu ule ulivutwa ukiwa moto, ukamwagwa nje, ukapoa na kuwa jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Wafaransa wanaliita scories. Miaka ikapita, toroli juu ya toroli, mpaka ukasimama mlima ambao kila mkaaji wa Lubumbashi anaujua hata akiwa mbali. Ndani ya mlima ule iliingia kobalti, ikaingia zinki, na tangu mawe ya Kipushi yalipoanza kuletwa tanuruni katika miaka ya 1920, ikaingia pia germani. Germani haikuwa na kazi yoyote wakati huo. Ilitupwa pamoja na mengine.

Likasi ilichukua njia tofauti. Mji huu, ambao Wabelgiji waliuita Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mkubwa wa Union Minière, na ambao ulirudishiwa jina lake mwaka 1966, ulijengwa kwa maji na asidi zaidi kuliko moto. Mawe ya Kambove na Likasi yalikuwa ya aina ambayo shaba yake imeshikana na oksijeni. Tanuru lilikuwa ghali kwa mawe yaliyopungua shaba. Kwa hiyo Panda kukajengwa kiwanda cha kuyasafisha, na Shituru, mwaka 1929, kikaanza kiwanda cha kuloweka mawe yaliyosagwa katika asidi ya sulfuri. Asidi inaiyeyusha shaba kama maji yanavyoyeyusha chumvi. Kisha umeme unapitishwa ndani ya maji hayo ya bluu, na shaba inaganda juu ya sahani, safi, tayari kwa treni. Sogechim, kampuni ya kemia iliyowekwa Likasi wakati huohuo, ndiyo iliyopika asidi.

Hapa kuna jambo ambalo wakaaji wengi hawalijui. Katika viwanda vya kusafisha vya Union Minière, moja ya dawa za kutenganisha jiwe la shaba na mchanga ilikuwa mafuta ya mawese. Ndiyo, yaleyale ya sombe. Yalipikwa kwanza, yakachanganywa na maji na unga wa jiwe, hewa ikapulizwa ndani, na punje za malakiti zikapanda juu zikishikana na povu. Ilikuwa akili nzuri, lakini haikuwa kamili. Punje nyingi za shaba hazikupanda. Kobalti, ambayo katika Katanga mara nyingi imo katika jiwe jeusi liitwalo heterojeniti, ilipanda kidogo zaidi bado. Vyote vilivyobaki chini vilipita kwenye mfereji na kwenda nje. Huko nje ndiko yalikozaliwa yale ambayo wachimbaji wa leo huyaita rejets.

Haitakuwa haki kusema kwamba Union Minière haikujali kabisa. Kobalti ilianza kutolewa Panda katika tanuru za umeme mwaka 1924, na Katanga ikawa mzalishaji mkubwa wa kobalti duniani. Lakini hesabu ilikuwa ya mwenye duka mwenye ghala lililojaa: kwa nini ukwangue sufuria wakati chungu kingine kiko jikoni?

Kilomita karibu 20 magharibi ya Likasi kuna mahali ambapo hesabu hiyo iligeuka vibaya kuliko pengine popote duniani. Shinkolobwe iligunduliwa mwaka 1915 na ikaanza kuchimbwa mwaka 1921. Kilichotafutwa ni radiamu. Madaktari wa Ulaya na Marekani waliitumia kwa ugonjwa wa kansa, na kabla ya jiwe la Katanga kuingia sokoni gramu moja iliuzwa zaidi ya dola 100,000. Ili kupata gramu moja ya radiamu lazima upite kwenye tani karibu 3 za urani. Mawe yalibebwa hadi Olen, Ubelgiji, ambako kiwanda kilianza kazi mwaka 1922. Radiamu ikatolewa, bei ikashuka, migodi ya Marekani iliyoshindana nayo ikafungwa.

Na urani? Urani ilikuwa mabaki. Ilitumika kidogo kutia rangi ya manjano kwenye vioo na vyombo vya udongo. Nyingine ilikaa tu. Mwaka 1937 mgodi wenyewe ulisimamishwa kwa kuwa akiba ilitosha, na maji yakaujaa.

Mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa ameonywa na wataalamu wa fizikia kwamba jiwe lile lingeweza kuwa silaha. Mwaka 1940, Ujerumani ikisha kuiteka Ubelgiji, alisafirisha zaidi ya tani 1,200 za mawe kutoka Katanga hadi New York, zikawekwa katika mapipa kwenye ghala la Staten Island. Yalikaa pale karibu miaka 2 bila mnunuzi wa maana. Tarehe 18 Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani aliingia ofisini kwa Sengier, na wakapatana kwa muda mfupi kuliko watu wengi wanavyopatana bei ya ng'ombe. Jeshi lilichukua mawe ya Staten Island, likachukua pia tani karibu 3,000 zilizokuwa zimelala juu ya ardhi Shinkolobwe penyewe. Jiwe bora la Shinkolobwe lilikuwa na urani karibu asilimia 65. Migodi ya Marekani na Kanada wakati huo ilifurahia kupata asilimia moja. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka katika kifusi cha huku.

Kuna mwisho wa kisa hiki ambao husimuliwa mara chache. Katika mapatano yale Wamarekani walinunua urani tu. Radiamu iliyobaki ndani ya jiwe ilihesabiwa kuwa bado mali ya kampuni ya Wabelgiji. Kwa hiyo urani ilipotolewa, matope yaliyosalia hayakuweza kutupwa, maana yalikuwa na mwenyewe. Yakahifadhiwa: mengine karibu na Lewiston katika jimbo la New York, mengine Fernald, Ohio, katika maghala makubwa ya zege. Bei ya radiamu ikaanguka, hospitali zikapata vifaa vingine, na hakuna aliyekuja kuidai. Serikali ya Marekani ikabaki na tope la Shinkolobwe mikononi, tope lenye mionzi kali, na ikalazimika kutumia fedha nyingi na miaka mingi kulishughulikia. La Lewiston lilibaki limefukiwa palepale. Wakaaji wa Ohio walifanya mikutano, wakashtaki, wakafanyiwa usafi. Wakaaji wa kijiji cha Shinkolobwe hawakuwa na wa kumshtaki. Mwaka 1960, nchi ikijiandaa kwa uhuru, mlango wa mgodi ulizibwa kwa zege, Wabelgiji wakaondoka, na vifusi vikaachwa juani.

Tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière ikawa ya taifa. Jina lilibadilika zaidi ya mara moja kabla ya kutulia kuwa Gécamines, na jimbo lenyewe likaitwa Shaba kuanzia mwaka 1971. Pamoja na migodi, viwanda, hospitali na shule, taifa lilirithi milima yote ya mabaki. Katika hati za urithi ule mabaki hayakupewa uzito. Ni kama mtu anayerithi nyumba bila kupewa ufunguo wa ghala la nyuma.

Ufunguo ulikuwa unachongwa kwingine. Katika miaka ya 1960 wanakemia walipata kimiminika cha mafuta kinachoweza kushika shaba peke yake ndani ya maji ya asidi yenye uchafu mwingi, kikaiacha chuma na mengine. Kiwanda cha kwanza cha biashara kilianza Arizona mwaka 1968. Maana yake ni hii: tope lenye shaba kidogo tu, asilimia moja au moja na nusu, sasa lingeweza kuloweshwa na kutoa shaba safi kwa faida. Na tope halihitaji baruti wala kusagwa. Limesagwa tayari, na gharama ile ililipwa na baba na babu wa watu walio hai leo, waliolipwa mshahara mdogo na posho ya unga ya kila juma.

Majirani zetu wa Zambia waliona mapema. Huko Nchanga, mjini Chingola, kiwanda cha kurudia mabaki kilianza mwaka 1974, na wakati ule kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya aina yake duniani. Chingola si mbali na mpaka wetu. Mawe ni ya ukoo uleule. Gécamines ya miaka hiyo, hata hivyo, ilikuwa bado na chungu jikoni: katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka, na fedha zake zilikwenda Kinshasa kabla hazijakauka wino. Kurudia tope kulingoja.

Kisha chungu kikapasuka. Mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka mwezi Septemba 1990. Mwaka 1991 askari walipora miji. Mwaka 1992 na 1993 wakaaji wenye asili ya Kasai walifukuzwa, na stesheni ya treni ya Likasi ikajaa familia zilizongoja usafiri kwa majuma na miezi. Wengi wao walikuwa mafundi wa Shituru na Panda. Ifikapo mwaka 1994 Gécamines ilitoa tani karibu 30,000 tu. Mwaka 2003, kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Waulize waliotia sahihi kama ilikuwa hiari. Walikuwa hawajalipwa mshahara kwa miezi mingi.

Hapo ndipo mkaaji wa kawaida alipoingia katika historia hii kwa mikono yake mwenyewe. Mtu aliyekuwa fundi kiwandani alijua mahali tope zuri lilipomwagwa na mwaka gani kiwanda kilifanya kazi vibaya, maana mwaka kiwanda kilipofanya kazi vibaya ndio mwaka tope lilipotoka na madini mengi. Ujuzi ule haukuandikwa popote. Ulikaa kichwani, na ulilisha nyumba. Koleo, karai, ndoo, maji ya mto: kilicho kizito kinabaki chini, chepesi kinachukuliwa na maji. Akina mama na watoto waliingia katika kuosha na kuchambua. Mfanyabiashara wa magunia alipima, akakata bei kwa sababu ya unyevu, akakata tena kwa sababu ya kiwango, na hakuna aliyekuwa na kipimo cha kumbishia.

Shinkolobwe nayo ikaamka. Maelfu ya wachimbaji walivamia vifusi vya Wabelgiji, si kwa ajili ya urani bali kwa ajili ya kobalti, ambayo bei yake ilipanda. Urani ilikuja nayo ndani ya gunia, bure, bila kualikwa. Rais alitia sahihi agizo la kufunga mahali pale mwezi Januari 2004. Wachimbaji waliendelea. Mwezi Julai mwaka huohuo sehemu ya machimbo iliporomoka na watu 8 wakafa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walifika kati ya Oktoba na Novemba kupima mionzi na kukagua uimara wa mashimo, na wakaonya vikali juu ya hatari ya mahali pale. Kwa mara ya pili katika maisha yake, Shinkolobwe ilitoa madini ambayo mchimbaji wake hakuyajua. Mara ya kwanza ilikuwa siri ya vita. Mara hii ilikuwa njaa tu.

Wakati wachimbaji wakitumia karai, wakubwa walitumia mikataba. Mlima mweusi wa Lubumbashi ndio uliotangulia. OM Group ya Marekani, kundi la George Forrest na Gécamines waliunda ushirika, GTL, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 tanuru kubwa la umeme likaanza kula mlima. Mawe meusi yaliyeyushwa upya, na aloi yenye kobalti na shaba ikasafirishwa hadi Kokkola, Finland, kusafishwa. Gécamines, mwenye mlima, ilikuwa na hisa asilimia 20. Suala la germani likazuka mara moja: kama inasafiri au inabaki, nani anaihesabu, na nani analipwa kwayo. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2002 juu ya utajiri wa Congo iligusa jambo hilo. Mkongomani asiye na maabara hangeweza kulijibu. Hapa tofauti ya mchimbaji wa karai na taifa zima ni ndogo kuliko inavyodhaniwa: wote wawili waliuza gunia bila kipimo.

Mwaka huohuo wa 2002, tarehe 11 Julai, sheria mpya ya madini ilileta neno jipya. Milima na mabwawa ya mabaki yaliitwa sasa hifadhi bandia za madini, gisements artificiels, na kikaundwa kibali maalum cha kuyachimba, Permis d'Exploitation des Rejets. Kwa sentensi chache za sheria, takataka zikawa mgodi. Na kilicho mgodi kina mwenye kibali. Asiye na kibali ni mvamizi, hata kama ni yeye, au baba yake, aliyelimwaga tope lile akiwa zamu ya usiku.

Kolwezi ndiko ilikoonekana thamani ya kibali hicho. Bonde la Musonoi na bwawa la Kingamyambo vilikuwa na tani karibu milioni 112 za tope la kiwanda cha Kolwezi, lenye shaba karibu asilimia moja na nusu na kobalti sehemu ya tatu ya asilimia moja. First Quantum ya Kanada iliupata mradi mwaka 2006 na kuanza kujenga. Mwaka 2009 serikali iliufuta mkataba, ujenzi ukiwa umekwenda mbali. Kesi zikafuata, na mwezi Januari 2012 ENRC, ambayo ndiyo iliyokuwa imeingia mahali pale, ilikubali kuilipa First Quantum dola bilioni 1.25 katika mapatano yaliyohusu Kolwezi pamoja na mali nyingine. Bilioni moja na robo, na sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa juu ya tope. Kiwanda cha Metalkol hatimaye kilianza kuzalisha mwaka 2018. Kinarusha maji yenye nguvu juu ya tope la zamani, kinalisukuma kwa mabomba, kinatoa shaba na kobalti, na kinaweka tope jipya katika bwawa jipya.

Bwawa jipya linastahili kutajwa peke yake. Watetezi wa kazi hii husema kwamba kurudia mabaki ni kusafisha, na kwa sehemu ni kweli: bonde lililojaa sumu linachimbuliwa, mto unapumua. Lakini asidi iliyotumika haipotei. Tarehe 18 Februari 2025, Chambishi, Zambia, ukuta wa bwawa la mabaki la Sino-Metals Leach ulibomoka, maji ya asidi yakaingia vijito vya mto Kafue, samaki wakaelea, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Likasi inapaswa kusoma habari ile mara mbili. Mto Panda unapita mjini, unakwenda Lufira, na Lufira inaingia ziwa Tshangalele, lile lililotokana na bwawa la umeme la Mwadingusha. Utafiti wa wanasayansi wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji ulikuta metali za viwanda vya Likasi ndani ya samaki wa Tshangalele. Samaki hao ndio wanaouzwa masokoni kwetu.

Na mwili wa mtu? Mwaka 2009 chuo kikuu cha Lubumbashi na kile cha Leuven walitoa matokeo ya kupima mkojo wa wakaaji wa kusini mwa Katanga. Walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi kuliko iliyowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida popote. Si wafanyakazi wa kiwanda: watu wa kawaida, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti mwingine wa Lubumbashi uliokuta uhusiano kati ya kazi ya baba katika migodi na watoto kuzaliwa na kasoro. Kwa hiyo tope halijawahi kulala kimya kungoja mwekezaji. Kila kiangazi, upepo unapovuma, linaingia nyumbani bila kibali.

Sheria ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018. Mrabaha wa madini sasa unagawanywa: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mji, komini au usultani ambako madini yanatolewa, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Mwezi Novemba mwaka huo agizo la serikali likaitangaza kobalti, germani na koltani kuwa madini ya kimkakati, yenye mrabaha wa asilimia 10. Kwa karatasi, basi, komini za Shituru, Panda, Kikula na Likasi zina haki juu ya kila gunia litokalo kwenye mabaki yao. Lakini mabaki yana tabia ya kuhama. Yanaweza kuchotwa komini moja, kusafishwa mji mwingine, na kuandikwa jina la mahali pa tatu. Asilimia 15 ya mahali gani? Swali hilo liko mikononi mwa wanaohesabu malori, na madiwani wa komini wangefanya vema kusimama kwenye kizuizi na daftari lao wenyewe.

Mlima mweusi nao ulirudi katika habari. STL, kampuni iliyoendesha tanuru la Lubumbashi, sasa ni mali ya Gécamines peke yake, na imejenga kiwanda cha kutoa germani kutoka katika mabaki. Dunia ilikuwa imebadilika tena. Germani inatumika katika nyaya za intaneti zinazopitisha mwanga, katika miwani ya kuonea gizani, katika sola za setilaiti. China, mzalishaji mkubwa, iliweka vizuizi vya kuiuza nje kuanzia tarehe 1 Agosti 2023. Ghafla kila mtu alikumbuka Kipushi. Mwezi Oktoba 2024 shehena ya kwanza ya germani ya STL ilitangazwa kuwa imeondoka kwenda Ubelgiji.

Mnunuzi ni Umicore. Vijana wa Likasi huenda wasilijue jina hilo, ila wazee wanalijua kwa jina la zamani. Hadi mwaka 2001 Umicore iliitwa Union Minière, na inafanya kazi mpaka leo huko Olen, mahali uleule mji wa kiwanda cha radiamu ya Shinkolobwe.